Chumba cha Mashuka

Dada yangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta namna ya kukusalimu. Salamu ya dini yangu niliiandika nikaifuta, maana nilijiona kama mtu anayekutegea mtego. Ya dini yako siwezi kuiandika bila kubishana nayo. Mwishowe nimechukua ile ya umri, ambayo katika miaka yangu yote ya mihadhara sijamsikia mtu akisimama kuipinga: shikamoo, Dada. Shemeji hajambo? Watoto wazima? Nadhani sasa wamenipita kwa kimo. Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Utajiuliza nimejuaje habari ya goti. Nitafika huko, usiniharakishe.

Sisi tu wazima kwa kiasi cha kuandika barua. Wifi yako hajambo, ingawa mwaka huu kwa majuma kadhaa alikuwa akiniwekea chakula mezani kama anayemlisha mbwa wa jirani. Watoto wanasoma. Mimi bado niko pale pale kwenye kiwanda cha uchapaji, nasahihisha prufu za vitabu vya wenzangu, na vya kwangu naviandika alfajiri kabla nyumba haijaamka. Mvi zimenishika. Ulimi bado haujashikika.

Wa Mama ndio ulioshikika. Miezi minane iliyopita, asubuhi, akiwa anakunja nguo kitandani, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamwondoka. Najua ulipaswa kuambiwa siku ile ile. Hukuambiwa kwa sababu mimi ndiye niliyekataza, na wifi yako alipotaka kukuandikia nilimwuliza anamwandikia nani, mbona katika nyumba hii hakuna mtu wa jina hilo. Hayo ndiyo maneno yangu, nimeyanakili kama yalivyo.

Unamjua Mama. Alikuwa mtu wa kuanza habari mlangoni na kuimaliza jikoni, na katikati ukawa umeshajua nani kaolewa na nani kaachika. Baada ya kiharusi alibakiwa na neno moja tu: "tena". Akitaka maji, "tena". Akitaka kugeuzwa, "tena". Akikasirika, "tena, tena, tena", huku akipiga kitanda kwa mkono mzima wa kushoto. Mimi niliyebishana na watu mbele ya viwanja vilivyojaa nilikuwa nasimama pale na glasi mkononi, sijui kama neno lile ni ndiyo au hapana.

Hospitali wakatupangia mazoezi, Jumatatu na Alhamisi. Ya mkono na mguu yalikuwa katika ukumbi mkubwa wenye mikeka na vyuma. Ya ulimi yalikuwa kwenye kichumba cha mwisho cha korido ya wodi ya kiharusi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Mbao za kupangia mashuka bado ziko ukutani. Wifi yako ndiye aliyekuwa akimpeleka, mimi nikiwa kazini. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiuliza, najibiwa: wamemwonyesha kadi za picha, kikombe, ufunguo, kiatu. Mwezi wa pili majibu yakafupika. Nikiuliza leo wamefanya nini, wifi yako ananiambia mazoezi. Mazoezi gani? Ya mdomo. Mtu niliyeishi naye miaka ishirini na mbili namjua: akisema maneno mawili, amezuia mia mbili.

Kisha nikaanza kumwona Mama midomo ikimcheza. Anakaa dirishani, mkono wa kushoto unagonga mapajani taratibu, pa, pa, pa, na midomo inafuata. Nikiingia, mkono unatulia. Nilijaribu kuingia bila viatu. Mkono ukatulia vile vile. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe naipiga pasi mwenyewe.

Basi Alhamisi moja nikaomba ruhusa kiwandani nikaenda. Sikuingia. Mlango wa kile kichumba una kioo kidogo cha mraba usawa wa macho, nikasimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Ndani nilimwona mwalimu wa usemi, mwanamke wa makamo, mwembamba, koti jeupe limekatika kifungo cha juu. Nilimtazama kama mtu wa forodha anavyotazama mzigo. Shingoni hakuna msalaba. Kichwani kitambaa, lakini kimefungwa kwa nyuma, namna ya kila mtu na ya mtu yeyote. Ukutani hakuna picha wala maandishi isipokuwa kioo kirefu, ili mgonjwa ajione mdomo. Nikajiambia: mtu asiyeonyesha dini yake ana dini ya kuficha.

Kwenye benchi la ndani alikuwepo mgonjwa mwingine na mkewe. Mwanamume huyo nilimtambua mara moja, maana niliwahi kupambana naye jukwaani. Ni mzee wa kanisa, dereva mstaafu wa malori, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu akabatizwa akiwa mtu mzima. Siku ile jukwaani alinipa taabu sana, sitakuficha. Sasa amekaa mdomo umeelekea upande, mwalimu anamgongea meza kwa kidole, na yule mzee wa kanisa, mbele ya macho yangu, anatoa sura ya kwanza ya kitabu chetu kwa ule mtiririko wa watoto wa chuo cha Kurani, vituo vyake vyote mahali pake. Hakukosea hata herufi. Mkewe, ambaye nilikuja kujua ni mpishi wa shule, amekaa na mkoba magotini anatikisa kichwa kama anayesikiliza bendi.

Ungedhani nilifurahi. Nilishuku mara mbili zaidi. Nilijiuliza: anayempa Mkristo maneno yetu, Mwislamu anampa nini? Sikungoja sana. Zamu ya Mama ikafika. Mwalimu alimshika mkono wa kushoto, akamwekea juu ya meza, wakaanza kugonga pamoja. Mama yetu, Dada, aliyekuwa na neno moja kwa miezi, akafungua kinywa akasali sala ya Baba Yetu kuanzia mstari wa kwanza hadi amina. Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa ile ile ya kutuita chakula.

Utaniuliza nilihisi nini. Mtu mwema angelia kwa kusikia sauti ya mama yake. Mimi nilitoa kalamu nikaandika saa.

Nyumbani nilimweka wifi yako kikao. Nilimwuliza tangu lini, kwa amri ya nani, na nani mwingine anajua. Nilimwambia kwamba pale hospitali kuna watu wanaobadilishana waumini kama timu zinavyobadilishana wachezaji, na kwamba Mama, aliyeingia katika Uislamu akiwa na miaka kumi na tisa na akadumu humo miaka hamsini na mitano, anatolewa kwenye dini yake akiwa hana ulimi wa kukataa. Nilisema kwa sauti. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi. Wifi yako aliniacha mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kwamba mbele za watu naitwa Bwana Hoja, lakini humu ndani mimi ni kelele tu. Kwamba yeye alitaka mama mkwe wake aseme, na hata angesema kwa lugha ya kuku angemtafutia jogoo wa kuzungumza naye. Halafu akaenda kuanua nguo. Hapo ndipo ilipoanza ile habari ya chakula cha mbwa.

Sikukata tamaa. Nilifanya uchunguzi. Nilimwuliza mlinzi wa geti dini ya mwalimu wa usemi; akanijibu kwamba yeye anakagua mifuko, mioyo haiko kwenye orodha yake. Nilimwuliza mfagiaji, akasema mwalimu Ijumaa yupo, Jumapili yupo, na sikukuu za wote anashika zamu za wote. Hilo nalo nikaliandika kama ushahidi. Nikamngoja mke wa mzee wa kanisa nje ya geti, nikampa pole, nikamwuliza kwa upole wa kipolisi kama haoni aibu mumewe, mtu wa madhabahu, kugeuka kiguu na njia mdomoni namna ile. Yule mama alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akaniambia, "Baba, mimi huyu mume nimemngoja miezi minne aniambie neno. Juzi kanisomea sura yenu nzima, halafu akachoka, halafu akasema 'chai'. Chai! Hata akiniadhinia mlangoni, mimi naitika." Nikamwambia huko ni kuchezea imani. Akasema imani yake haiumwi, anayeumwa ni mzee.

Sasa nikwambie jambo ambalo ni haki yako kulijua. Katika hesabu zangu zote hizi, mwisho wa kila mstari ulikuwa wewe. Nilijiambia: ni nani katika ukoo huu aliyetoka akaenda upande ule? Ni nani mwenye sababu ya kutaka Mama amfuate kabla hajafa, ili siku ya mazishi atujie na hoja mkononi? Nilikuona wewe nyuma ya kila mlango wa hospitali ile. Nilifika mahali nikamwuliza mwandishi wa masijala kama kuna mgeni kutoka mji wenu aliyewahi kuandikisha jina. Hakuwepo. Hilo halikunituliza, lilinithibitishia kwamba wewe ni hodari.

Wiki iliyofuata, uongozi wa hospitali ukapokea barua isiyo na jina. Ilisema kwamba katika kichumba cha mashuka wagonjwa wasio na uwezo wa kukataa wanasalishwa sala za dini zisizo zao, na ikatishia kupeleka jambo hilo kwa viongozi wa dini zote na magazetini. Uongozi wowote ukisikia dini na magazeti katika sentensi moja, hauulizi. Siku mbili baadaye kile chumba kilifungwa kwa kufuli, mashuka yakarudishwa, na mwalimu akaamriwa atumie kadi za picha tu, kwenye benchi la korido, watu wakipita na machela.

Mama akanyamaza. Sisemi kwamba alirudi kwenye "tena". Hata "tena" aliiacha. Mkono wa kushoto haukugonga tena. Alikuwa akikaa dirishani, na nikiingia ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha anageukia ukutani. Siku kumi na tisa. Wifi yako alizihesabu kwa kuzitaja kila asubuhi, ndilo neno pekee alilonipa.

Siku ya kumi na tisa mwalimu wa usemi alikuja nyumbani kwa miguu yake. Hakukaa mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Alitoa kwenye bahasha karatasi moja ya fotokopi akaniwekea mezani, akaniuliza kama naifahamu. Ilikuwa ile sala, mistari tisa, kila mstari na namba yake kwenye mabano. Nilitaka kusema siifahamu. Lakini, Dada, mtu anaweza kukana mtoto, hawezi kukana mpangilio wake wa ukurasa. Zile namba ni zangu. Ukurasa ule ni wa kumi na moja wa kijitabu changu, kile kilichokufanya ulie, nilichokiandika mwaka ule wewe ulipoondoka: sala yote imechapwa juu, na chini majibu tisa ya kuipinga, mstari kwa mstari. Majibu yalikuwa yamekatwa kwa mkasi.

Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa. Kwamba ulimi uliopigwa na kiharusi mara nyingi hupoteza maneno ya kuchagua, lakini yale yaliyokaririwa utotoni, kuhesabu, nyimbo, sala, hukaa upande mwingine, na mara nyingine hubaki mazima. Kwamba kazi yake ni kutafuta kamba hiyo, kuivuta, na kungoja neno la kawaida lishike mwishoni, kama ile chai. Alijaribu kwa Mama sala zetu. Mama alizijua, machozi yalimtoka, lakini mdomo haukufuata, maana alijifunza akiwa mtu mzima. Akauliza nyumbani Mama alisoma wapi utotoni. Wifi yako akamwambia: misheni. Akajaribu ile sala kwa maneno ya makanisa ya siku hizi, Mama akawa anajikwaa kila mstari, maneno si yale. Ndipo wifi yako akasema kwamba maneno ya zamani anayo mumewe, ameyachapa yote kwenye kitabu, tena na namba.

Na ni kweli. Unakumbuka lile sanduku la bati la Mama? Nilipokuwa naandika kijitabu kile nililipekua nikakuta chini kabisa kitabu chake cha shule, hakina jalada, na ile sala iko ukurasa wa mwisho. Niliinakili pale pale sakafuni. Mama aliingia akanikuta. Alichukua kitabu, akakifuta vumbi kwa kanga, akakirudisha sandukuni.

Nilimwuliza mwalimu swali ambalo lilikuwa likinitafuna: je, moyo wa Mama nao umerudi huko? Akaniambia ulimi ndio unaopangiwa Jumatatu na Alhamisi. Moyo hauko kwenye ratiba yake. Nikamwuliza yeye mwenyewe ni wa dini gani. Akatabasamu, akasema kila mgonjwa mwenye ndugu wakali huuliza hivyo, na kwamba ana dini, anaipenda, na anaswali au anasali kwao, nisimlazimishe kuchagua neno. Kisha akasema lile lililonivunja. Alisema Mama hajasahau ile sala. Anaogopa. Ilikuwa Jumatatu iliyofuata, baada ya kelele zangu sebuleni, kabla chumba hakijafungwa. Walipoanza kugonga meza Mama alitazama mlangoni, akaufunga mdomo, akaushika kwa kiganja.

Akiwa anaaga, mlangoni, alisema jambo jingine bila ukali wowote. Kwamba ile barua isiyo na jina uongozi walimwonyesha. Ilikuwa na hoja saba, kila hoja na vipengele vyake, na nukta mkato mahali pake. Akasema hajawahi kuona mtu anayeficha vizuri jina lake na kujiacha wazi namna ile kila mahali pengine.

Sasa umeshajua. Niliandika hapo juu kwamba uongozi "ukapokea barua", kana kwamba ilianguka kutoka mawinguni. Ni yangu. Mimi, ambaye nimewacheka waoga wote wanaoandika bila jina, niliandika bila jina, nikamfunga mama yangu mdomo, na nikaenda kazini.

Sitaki udhani nimelainika. Bado nasema dini zote si njia moja, na anayesema ni moja hajasoma hata ile yake. Yale majibu tisa nayashikilia. Nikikutana na mzee wa kanisa akapona, tutaendelea tulipoachia, na Mungu ampe afya nimshinde akiwa na nguvu. Lakini kwa wakati ule chumba kilikuwa na kufuli, mwalimu amekatazwa, wifi yako hajui kile kipimo cha kugonga, na katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua sala ile neno kwa neno, kwa maneno ya zamani, na mahali pa kupumzika pumzi, maana aliikariri usiku na mchana ili aivunje.

Nilifunga mlango wa chumba cha Mama nikakaa mbele yake. Niliuchukua mkono wake wa kushoto nikauweka juu ya meza. Akautoa. Nikauchukua tena. Nikagonga, nikasema mstari wa kwanza. Mama alinitazama usoni, akanichunguza, kushoto na kulia, kama nilivyomchunguza mwalimu kupitia kile kioo. Alikuwa anatafuta mtego. Dada, nimetazamwa vibaya na maadui wengi na nikalala usingizi. Mama yangu kunishuku ndiko kulikonitoa jasho. Nikasema mstari wa pili peke yangu, wa tatu peke yangu, hadi wa tisa. Nikasema amina, ambayo ni yetu sote na haikuniuma. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili hakusema kitu. Siku ya tatu, kwenye mstari wa nne, ule wa riziki, nilinyamaza kwa makusudi katikati kama mwalimu alivyonishauri siku ile alipokuja nyumbani. Kidole chake kikagonga. Akaumalizia.

Tangu hapo ni kila siku baada ya alasiri. Nami namchunguza bado, ni maradhi yangu. Saa za swala akikaa kwenye kiti chake anaelekea kibla, mdomo kimya, kidole cha shahada cha kushoto kinainuka mahali pake. Nimeutazama ulimi na nimekitazama kidole, na nimeshindwa kukiambia kimoja kwamba kinasema uongo.

Wiki tano zilizopita, tulipofika amina, hakuacha. Mkono uliendelea kugonga, pa, pa, pa, mdomo ukahangaika, na likatoka neno ambalo haliko katika sala ya mtu yeyote. Alisema, "Kasuku." Nilidhani ameteleza. Akarudia, na safari hii akaongeza, akisukuma kila silabi kwa kidole: "Kasuku ha-ja-a-ndi-ka?"

Ndiyo sentensi yake ya kwanza kwa karibu miezi saba. Hakuna anayekuita Kasuku ila yeye.

Dada, uliandika. Barua arobaini na moja kwa miaka kumi na sita, zote kwa jina lake, zote kupitia sanduku la posta la kiwanda, na ufunguo wa sanduku ninao mimi. Nilizichukua zote. Mama alikuwa akiuliza, zamani, kila mwisho wa mwezi, nami nikimjibu hakuna. Baadaye akaacha kuuliza, nikadhani amesahau. Nilikuwa na hakika zimejaa mahubiri. Niliziweka kwenye katoni nyuma ya vitabu vyangu, hazijafunguliwa hata moja. Mimi ninayejigamba nimesoma vitabu vya pande zote kabla ya kuvijibu, hizo sikuzisoma. Wewe labda ulidhani Mama ndiye aliyekukataa. Hakukukataa. Alikuwa hajakupata.

Nilikwenda nikaileta katoni nikaiweka mapajani mwake. Hakunilaani. Alikosa maneno ya kunilaani, na hilo nimelipa uzito wake. Alizipapasa, akachomoa ya chini kabisa, akanipa, akasema lile neno lake la zamani: "Tena." Basi namsomea moja kila siku, tukimaliza ile mistari tisa. Nilitafuta mahubiri. Nimekuta kuku walioibwa, paa linalovuja juu ya kitanda cha mtoto wa pili, shemeji kung'olewa jino, goti lako na zile ngazi za ofisini. Mwisho wa kila barua unamwomba akuombee, "kwa namna yako, Mama", umeandika. Mara thelathini na tano nzima umemwachia namna yake. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilimpa wifi yako aendelee kusoma.

Kwa uongozi wa hospitali nimeandika barua nyingine, yenye jina langu, anwani yangu na hoja moja. Ya kwanza ilifunga chumba ndani ya siku mbili. Hii ina wiki ya tano na bado "inashughulikiwa". Mwalimu bado yuko kwenye benchi la korido, na mke wa mzee wa kanisa ananisalimia kwa kuniita "mwenzetu", jambo ambalo sijalikubali rasmi.

Barua hii nampa dereva wa gari la magazeti, itakufikia keshokutwa. Siombi unisamehe kwa maandishi, kwani najua ningeyajibu. Nakuomba jambo moja. Katika katoni zimebaki barua sita. Nimejaribu kumwambia Mama tusome moja kila baada ya siku mbili, akagonga meza, "tena". Zikiisha sina cha kumsomea isipokuwa maandishi yangu, na hayo mgonjwa hastahili. Njoo kabla hazijaisha. Uje na dini yako, uje na goti lako, ngazi za hapa ni tatu tu na nitakushika mkono. Kitanda chako wifi yako ameshakitandika, hakuniuliza.

Msalimie sana shemeji, mwambie deni la salamu za miaka kumi na sita nitalilipa uso kwa uso. Watoto wabusu mikono ya mama yao kwa niaba yangu. Wifi yako anakusalimu, na leo amenipa chakula kwa mikono miwili. Mama anakusalimu. Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akagonga muda mrefu, akapata neno moja, nami naliandika kama alivyolisema, bila namba na bila jibu: "Njoo."

Ni mimi, mdogo wako mkaidi,
mwenye ufunguo wa sanduku la posta, ambao nimemkabidhi wifi yako.